Ubao Mlangoni kwa Rozalia

Pale Magomeni, Mtwara mjini, hakuna aliyeshona nguo kumshinda Bi Somoe, na wa kwanza kulijua hilo alikuwa Bi Somoe mwenyewe. Marehemu mumewe, Mwalimu Mussa, alimwachia cherehani, kabati la vitabu na jina safi. Tangu atoke eda alishona uani, kimya kimya. Anayemhitaji na amuulizie. "Kizuri chajiuza," alizoea kusema, "kibaya chajitembeza."

Basi mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, Rozalia, mke wa kuli wa bandarini, mtu wa Songea, akatundika ubao mlangoni. Herufi zilipanda na kushuka kama siafu njiani: SARE ZA SHULE NA GAUNI. SIKU TATU. MSHONO UKIFUMUKA KABLA YA MWEZI NASHONA TENA BURE.

Bi Somoe aliupita asubuhi, akaupita tena adhuhuri, wala hakuwa na shughuli upande ule. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wanawake wa kijiji cha Ziwani, waliokuja mjini na kaki ya duka la ushirika, sasa walikwenda moja kwa moja kwa Rozalia. Hata Binti Selemani, mteja wake wa miaka mingi!

"Nawe umenihama?" alimuuliza walipokutana njiani.

"Usinune, Bi Somoe. Ziwani si hapa. Kwako nilikuja mara nne kwa gauni moja. Kule nimesoma siku tatu, na siku ya tatu nikavaa. Wenzangu wageni wa mji nao wangejuaje pa kwenda?"

"Umesoma, wewe?"

"Kisomo cha watu wazima. Si Mwalimu wako ndiye aliyetufundisha, Mungu amrehemu?"

Hilo lilimchoma kuliko yote. Mumewe awafumbue watu macho, nao wakasome mlango wa Rozalia!

"Ubao haushoni," akasema.

"Haushoni. Lakini aliyeuandika hawezi kuukana."

Hawezi? Bi Somoe akarudi nyumbani, akachukua gauni la wifi yake Zainabu, ambalo Rozalia alilishona wiki mbili nyuma. Akafumua mshono wa ubavuni kwa wembe. Rozalia atakataa, alijiambia, na Magomeni nzima itajua kwamba ule ubao ni uongo mtupu.

Alikuta wanawake watano wakisubiri barazani. Akalitandaza gauni mbele yao. "La wifi yangu. Limefumuka, na mwezi haujaisha."

Rozalia alilisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye ncha za uzi. Kisha akainama kama anayeokota sindano, akasema kwa sauti ya chini, "Wembe huu, dada."

Bi Somoe akageuka kuwatazama wale watano, kama wamesikia. Neno moja tu lingetamkwa kwa sauti, na mjane wa Mwalimu Mussa angeitwa tapeli kuanzia pale hadi Ziwani, na marehemu pamoja naye.

Rozalia akainua kichwa. "Nikiahidi, nimeahidi!" alisema ili kila mtu asikie. "Ubao haukuuliza mshono umefumukaje. Keti, mama mwalimu, nakushonea."

Wale watano wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja aliyekuja na kitambaa kimoja akamtuma mwenzake akalete cha pili. Hivyo Bi Somoe aliketi pale, jina lake mikononi mwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimhusudu, akiona kwa macho yake jinsi alivyomtangazia Rozalia biashara.

Hakushukuru. Kesho yake alipaka rangi ubao, akauandika kwa mwandiko ulionyooka kama mstari wa rula: GAUNI NA SARE. SIKU MBILI.

Siku chache baadaye Rozalia alipita, akasimama kusoma. "Mbili? Utajiua, dada!"

"Wewe baki na tatu zako."

Rozalia akacheka, akaenda zake. Bi Somoe hakumsindikiza hata kwa jicho, maana alikuwa ameshatoa cherehani barazani, mbele ya wapita njia, kaki za watu zimemjaa mapajani, na saa zinakwenda.