Tumepita Nakuru

Jumamosi nilikuwa soko la mitumba la Toi nikichagua shati. Kando yangu jamaa mmoja alikuwa anajaribu koti la kuvaa kwenye sherehe ya mahari ya dadake, huko Kisumu, siku hiyo hiyo. Simu yake ikalia, ni ndugu yake kutoka Kisumu. Mkono mmoja ulikuwa umenasa ndani ya koti, kwa hivyo akaiweka kwenye spika.

"Brathe, umefika wapi? Wazee washaketi."

"Niko kwa ndege. Tumepita Nakuru."

Muuza makoti akapaza sauti: "Chagua hapa, bei ya kutupa!"

Ndugu yake akauliza: "Kwani huko juu pia kuna mitumba?"

Zamani basi la Kisumu lilitupatia Naivasha, Nakuru na Kericho, vituo vya kudanganyia ukiulizwa umefika wapi. Ndege inafika kabla ya saa kuisha, na njiani haina kituo hata kimoja cha kusema umepita.