Nyumba Niliyoikandika Msituni Kimuka

Jumamosi nilitoka Noonkopir kwenda Kimuka kumsaidia rafiki yangu Mmaasai, Mama Sein, kukandika nyumba yake mpya. Aliniambia iko msituni, nyuma ya kisima.

Nilipita kisima, nikaiona. Matawi makavu yalikuwa yamesukwa kama kikapu kikubwa, bila msumari hata mmoja. Jua lilipenya likamwaga nyota mikononi mwangu. Kumbe Mama Sein ana mikono iliyobarikiwa hivi!

Hakuwepo, na mawingu yalikuwa yanakusanyika kule milimani. Mimi ni Mluhya, kukandika nilifunzwa na nyanya. Nikachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nikaziba kila tundu huku nikiimba nyimbo za kanisa.

Nilikuwa ndani nikilainisha ukuta niliposikia mwanaume akiongoza wageni.

"Watu hudhani ni nyumba, lakini ni sanaa," aliwaambia. "Nimeisuka kwa matawi niliyookota humu humu. Ingieni muone vile mwanga unacheza."

Wakaingia. Giza totoro. Mmoja akawasha tochi ya simu, ikanimulika, mavi hadi kwenye viwiko.

"Sopa," nikawasalimia kwa Kimaasai.