Sproketi Ndogo ya Mbele

Watu husema mtani hakasirikiwi. Nami nasema aliyeanzisha msemo huo hakuwahi kuibiwa.

Mtani wangu ni mtu wa tambarare, mimi ni wa milimani, na makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Kule kwetu Tanga, mtani akikuta jembe lako mlangoni analibeba. Unalikomboa kwa chakula, mnacheka, basi. Ukinuna, aibu ni yako. Tulipokutana La Rochelle, mtaa wa mji huu wa dhahabu huku kusini mwa Afrika, wote wapangaji wa vyumba vya uani, wote tukipeleka vyakula kwa pikipiki kule Midrand, desturi ile tuliirukia. Alinichukulia helmeti, nikaikomboa kwa chapati. Nilimfichia viatu, akanipikia wali. Nilimpenda, kusema kweli. Mji huu hauna watu wengi wa kukutukana kwa mapenzi.

Lakini Midrand ilishanichosha. Niliangushwa na gari kwenye robot, ndivyo tunavyoita taa za barabarani huku, na tangu hapo goti langu linauma kila baridi ikiingia. Kila asubuhi nikivaa helmeti nilijiuliza kama jioni nitaivua mwenyewe au nitavuliwa. Ndipo mzee mmoja wa Kizungu, mteja wetu, akatuambia habari za shamba lake nje ya mji. Ana njia za milimani anakopeleka wageni kwa pikipiki ndogo, na anatafuta mtu wa kuzitengeneza na kuwaongoza wageni. Sharti lake moja: uje na pikipiki ndogo uliyoirekebisha mwenyewe, upande nayo kilima cha mawe nyuma ya zizi bila kushuka kusukuma.

"Nafasi ni moja tu," alisema.

Mtani wangu akanipiga bega. "Nenda wewe, nyani wa milimani. Sisi wa tambarare tutakufa kwa kizunguzungu."

Pikipiki ya mjini imefungwa gia za kukimbia. Ukiipeleka kwenye mwinuko mkali, hata gia namba moja ni ndefu mno, injini inakohoa na kuzima. Dawa yake iko kwenye meno. Sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalotoka kwenye injini kuvuta cheni, iwe ndogo, na ya nyuma iwe kubwa. Mbio zinapungua, nguvu inaongezeka. Mtu aliyekua akibeba mahindi kichwani hahitaji kufundishwa jambo hilo, maana mlima haupandwi kwa hatua ndefu.

Ya nyuma niliipata dukani. Ya mbele, kwa udogo niliotaka, haikuwepo popote. Nilikwenda Jeppestown kwa fundi Mkongo mwenye mashine ya kukereza chuma. Alipomaliza kunichongea akaigeuza mkononi, akaguna. "Eh, ndugu, hii iko kidogo sana. Cheni itakula meno yake mbio."

"Acha yaliwe," nikamwambia. "Mimi nataka nguvu."

Mtani ndiye aliyenishikia cheni nilipokuwa nafunga. Aliuliza kila kitu, nikamjibu kila kitu: ikazwe kiasi gani, isisage wapi, kifuniko kirudi vipi. Bwege mimi! Tuliijaribu kwenye vilima vya mchanga wa mgodi wa zamani, ikapanda kama mbuzi. Alishangilia kuliko mimi.

Nilipanga kwenda Jumapili. Ijumaa nikatoka uani nikakuta pikipiki haipo, na kwenye simu sauti yake ikicheka: "Mtani, mali yako nimeiteka. Kaa na kuku tayari!" Nilicheka mpaka jirani akachungulia. Sikuwa hata na chembe ya wasiwasi. Jumamosi jioni akairudisha imeoshwa, inang'aa, tangi limejaa. Nami nilikuwa nimemchinjia kuku, nimempika kwa nazi. Alikula paja, akalamba vidole, akainua mikono kuniombea dua. "Kesho Mungu akupandishe, mtani." Nikaitikia amina.

Jumapili, kwenye barabara kuu, pikipiki ilikimbia vizuri mno. Kwa gia zile ilipaswa kupiga kelele na kujikokota. Nikajiambia labda ni kwa sababu imeoshwa. Imeoshwa! Fundi mzima na akili zangu!

Kilimani nilifika nusu. Kwenye jiwe la kwanza kubwa injini ikakohoa, ikazima, nikarudi kinyumenyume na kulala ubavu vumbini. Yule mzee alikuwa amesimama chini, mikono kifuani.

"Pole," akasema. "Lakini usijisumbue. Rafiki yako alipanda jana asubuhi, kazi nimempa yeye. Alisema ulimsaidia kidogo."

Nilitoa bisibisi, nikafungua kifuniko cha mbele. Sproketi ya kiwandani ilikuwa pale, ile ile niliyoing'oa kwa mikono yangu. Ya nyuma, inayoonekana, hakuigusa. Aliibadilisha hii tu, ambayo haionekani mpaka ufungue. Hapo nikajua kwa nini aliosha: mikono yenye grisi huacha alama. Na nikajua jambo lililoniuma kuliko yote. Alipokuwa anakula kuku wangu na kuniombea dua, kazi alikuwa nayo tayari.

Mtani mwenyewe akatokea karakanani amevaa ovaroli mpya ya buluu. Nyuma yake ilisimama pikipiki yake, toleo moja na yangu, na sproketi kubwa ya nyuma kama yangu. Ya mbele sikuhitaji kuifungua.

"Mtani!" Alinijia mikono wazi. "Nimekutekea sproketi, bwana! Njoo na kuku mwingine!"

"Ungeniomba," nikamwambia. "Ningekuchongeshea ya kwako. Tungepanda wote, mzee achague."

"Aa, sasa mbona unanuna? Mtani hakasirikiwi!"

Mzee naye akacheka, ingawa hakuelewa neno hata moja. Nilitazama njia zile za milimani, za wekundu ule ule wa udongo wa kwetu, na goti likaanza kuniuma ingawa jua lilikuwa kali. Kesho yake nilikuwa narudi Midrand, na pikipiki yangu, kwa ile sproketi aliyonirudishia, ilikuwa tayari kabisa kwa safari hiyo.

"Ni kweli," nikasema. "Mtani hakasirikiwi. Basi kuanzia leo wewe si mtani wangu."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Alidhani natania.