Fundi wa Kioo Kwenye Matanga ya Kaka

Mwenyekiti wa chama cha baiskeli alikuja matangani na fundi wa kioo. Sisemi kwa mafumbo. Mwili ulikuwa bado mochari kule Homa Bay, kaburi halijachimbwa, na mtu huyu akateremka kwenye gari lake jeupe, akampa mama wa marehemu pole kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukimwonyesha fundi mahali baiskeli ya mwanawe ilipoegemezwa. Fundi akatoa tepu yake akaanza kupima: urefu, kimo, upana wa usukani. Nikamwuliza anapima nini.

"Kabati ya kioo, bosi," akasema. Hakuwa na aibu, na hakuwa na sababu ya kuwa nayo, alikuwa kazini. "Inaenda kukaa ofisini kwao, pale wageni wanaingilia."

Hapo ndipo nilipokasirika, na nikianza kueleza hasira yenyewe lazima nieleze mwenye baiskeli alikuwa nani.

Tulimwita Kaka, sote, hata waliomzidi umri. Alizaliwa kwenye ule mgongo wa ardhi kati ya Rongo na Homa Bay, mahali barabara inapoanza kushuka kuelekea ziwani. Alipokuwa kijana alibeba samaki kutoka ufukweni hadi soko la Rongo kwa baiskeli nyeusi nzito, ile ya mizigo, akipanda mlima kabla jua halijawaharibu. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba huo ulikuwa mchezo. Siku moja akasikia kuna mbio za baiskeli milimani, akaenda na hiyo hiyo nyeusi, karia ikiwa bado inanuka samaki, akawapita watu waliokuja na kofia ngumu na miwani. Baadaye akashindana nje ya nchi, timu ya huko ikampa baiskeli ya kweli, na msimu ulipokwisha akarudi nayo nyumbani. Watu walimcheka kwa kurudi. Mtu akishafika ng'ambo harudi kukaa na sisi, si ndivyo tunavyoambiana?

Mimi nilikutana naye Migori. Niliacha shule darasa la saba, karo ikiwa sababu moja na miguu yangu sababu kubwa zaidi, sikuweza kukaa. Nilichimba dhahabu, nikakata miwa, nikakaa Isebania miezi kadhaa nikitazama tu malori yanavyovuka mpaka na kuwauliza madereva wanakotoka. Wakati huo nilikuwa nasambaza mkate madukani kwa baiskeli. Kaka akasimama kando yangu karibu na daraja kunywa maji, nami nikaacha mkate.

"Mbona tairi zako nene hivi?"

"Zishike mawe."

"Na hizi shokamzoba mbele? Hii ni baiskeli au pikipiki?"

"Ni baiskeli."

"Zikipigwa na maji hazishiki kutu? Na gia za nyuma ziko ngapi? Mbona mbele iko moja tu?"

Akanitazama. "Omera, ndugu yangu, wewe unauliza kama polisi. Shika. Panda mwenyewe uone."

Nilikuwa mgeni kwake kabisa. Ningeweza kuvuka mpaka nayo na asinione tena. Nikapanda hadi juu ya kilima nyuma ya soko, nikarudi nikihema kama ng'ombe wa kulima, nikamkuta anauza mkate wangu kwa mwenye duka aliyekuwa amekuja kunitafuta.

Hivyo ndivyo alivyokuwa na baiskeli ile. Wengine wangeifungia chumbani na kuifunika shuka. Yeye aliipandisha watu. Wakaja vijana wa Rongo, wa Migori, Waluo, Wakisii, Wakuria wa upande wa mpaka, na kwa sababu hatukuwa na lugha moja ya mama tulisemezana Kiswahili, kibaya na kizuri, na matusi kila mtu kwa lugha ya kwao. Mazoezi tulifanya kwa baiskeli nyeusi. Ile ya Kaka ilikuwa ya mashindano, na sheria ilikuwa moja: kabla ya kila mbio, wote tunapanda mlima wa kijijini kwa Kaka kwa zile nzito, na anayefika wa kwanza zamu ni yake. Kaka mwenyewe alipanda pamoja nasi. Akishindwa, alikwenda mbioni kutushikia maji. Nilimwona akifanya hivyo, mtu ambaye picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye vinyozi kutoka Migori hadi ziwani.

Katika mwaka wake wa mwisho aliyemshinda zaidi ni msichana wa Kikuria aliyekuwa akipika chapati kwenye kibanda kimoja cha Migori. Mwanzoni vijana walimchokoza sana, wakimwita kwa Kijaluo binti wa Wakuria.

"Nyar Kuria, mlima huu si wa kuchungia ng'ombe!"

"Ndiyo maana nimewaacha ng'ombe nyuma," alisema, akiwa mbele yao. "Nawasikia wanahema."

Wiki ambayo Kaka alikufa, zamu ilikuwa ya msichana huyo. Mbio zilikuwa mwezi uliofuata, juu ya vilima vya Homa Bay, na tulikuwa na hakika kwamba akikimbia vizuri pale atachukuliwa na timu. Alikuwa ameshaacha kazi ya chapati. Hakuwa na mpango mwingine, na bila baiskeli ile hakuwa na mpango wowote, kwa maana ile nyeusi haishuki kwenye mawe. Inavunjika, nawe pamoja nayo.

Kaka hakufia mlimani. Miaka yote ile ya kuteremka kwenye majabali, alikuja kuuawa kwenye lami, asubuhi nyeupe, barabara iliyonyooka, na gari dogo la abiria lililokuwa likipita lingine. Dereva hakusimama. Pale hapana ukingo wa lami wa kuendeshea baiskeli; lami inaisha kama imekatwa kwa kisu, halafu ni shimo. Kaka alikuwa amesema juu ya ukingo huo katika kila mkutano uliomruhusu kusema, hadi wakaacha kumpa nafasi. Siku hiyo alikuwa kwenye ile nyeusi. Nzuri ilikuwa nyumbani, imeoshwa, inamsubiri mwenye zamu.

Sasa rudi matangani. Mwenyekiti alikuwa ameleta hema, viti, sufuria na gari la kubebea maiti. Mtu huyu ambaye Kaka alimwomba kofia za kukinga vichwa vya vijana, akamwambia angoje. Alingoja hadi akafa, na kumbe vitu vilikuwepo. Wajomba na kamati ya mazishi walishakula chakula cha mwenyekiti, na aliyekula chako hakukatalii. Wakamwita mama mbele ya watu asikie habari njema.

"Mama," mwenyekiti akasema, "hii baiskeli sasa ni urithi wa taifa. Tutaiweka kwenye kioo. Watoto wa Kenya nzima watakuja kuiona."

Mama alikuwa mwanamke mfupi, Msabato wa siku nyingi, kitambaa cheupe kichwani.

"Kwenye kioo?"

"Kioo safi kabisa."

"Hapa kwetu," akasema mama, "anayekaa kwenye kioo ni samaki wa kukaanga."

Watu wakacheka, naye mwenyekiti akacheka kwa sauti kubwa kuliko wote, na nikajua hakusikia. Ndipo msichana akasimama. Alikuwa amekaa chini na wapishi, mikono ina unga.

"Ni zamu yangu," akasema.

"Zamu ya nini, binti?"

"Ya baiskeli. Mbio ni mwezi ujao."

"Wewe ni wa boma hili?"

Mjomba mmoja akamwambia akae, wageni wanaongea. Mwenyekiti akatangaza kwamba gari la kuchukua baiskeli litakuja siku ya maziko, ili wapiga picha waione ikipakiwa. Nikasema kitu pale ambacho sitakiandika. Mjomba yule yule akaniambia mimi si mtu wa kukaa mahali, basi niondoke kama nilivyozoea.

Sikuondoka. Jioni mama alituita nyuma ya jiko, mimi na msichana. Wazee wa ukoo walikuwa wakimsihi tangu mwanzo waruhusiwe kufanya tero buru. Ni desturi ya Waluo mwanamume akifa: wanaume huwatoa ng'ombe bomani, na siku hizi pikipiki na baiskeli pia, wakakimbia kwa kelele, pembe na matawi hadi mpakani, wakikifukuza kifo kitoke nyumbani, halafu hurudi. Wengine hufanya baada ya kuzika, wengine kabla. Mama alikuwa amekataa katakata. Kwake yeye hayo ni mambo ya giza.

"Nimewaambia wazee waende," akasema. "Siku ya kuzika, asubuhi."

"Mama, na kanisa?" nikauliza.

"Kanisa nitalikabili Sabato. Wewe uliza kitu kingine." Kisha akamgeukia msichana. "Wewe utapanda ya mwanangu."

"Wazee watakubali?"

"Nyathina, mwanangu, sikiliza. Mtu anayefukuza kifo hatazami nyuma. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia nini?"

"Kwamba nisitazame nyuma."

"Basi. Nendeni mkale."

Nimewauliza wazee wengi tangu siku ile, Homa Bay, Rongo, hadi Migori, kama kuna mwiko kama huo katika tero buru. Hakuna aliyewahi kuusikia.

Asubuhi ile wazee walinung'unika kweli walipomwona. Msichana, tena wa Kikuria, juu ya baiskeli ya marehemu! Mama akatoka mlangoni.

"Kuna mwanamume yeyote hapa aliyemshinda mlimani?" akauliza. "Ajitokeze achukue."

Wakatazama ng'ombe.

Tukatoka. Fahali mbele, vumbi, pembe zikipigwa, wazee wakikitukana kifo kwa majina ambayo sikuyajua, pikipiki zikinguruma, na sisi wa baiskeli nyeusi tukipiga kengele zote. Nilikuwa napiga kelele hadi koo likauma, na sikuwa nikikipigia kifo. Nilikuwa nikipigia kelele lami, na yule dereva, na hema lile lililokuja limechelewa. Tulipofika mpakani, kwenye ua wa makonge, wazee wakatupa matawi yao upande wa pili na kuwageuza ng'ombe. Kila mtu akageuka.

Yeye hakugeuka. Alipita kwenye pengo la makonge na kuingia njia ambayo Kaka mwenyewe aliifungua kwa jembe na mtaimbo, ile inayoteremka kati ya majabali kuelekea ziwani. Vijana wawili wa pikipiki wakajaribu kumfuata. Wakarudi na taa imevunjika. Nilisimama nikamwona akishuka, ameinuka juu ya kiti, magoti yakifuata mawe kama alivyofundishwa, anazidi kuwa mdogo, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu nipate habari.

Tuliporudi bomani, gari la mwenyekiti lilikuwa limesimama na mlango wa nyuma wazi, na blanketi limetandikwa. Wapiga picha walikuwa tayari.

"Baiskeli iko wapi?" akauliza.

Kila mtu akamtazama mama. Alikuwa amekaa kando ya jeneza.

"Kifo kimekimbia nayo," akasema.

"Mama, tafadhali. Tusifanye mzaha."

"Mzaha?" Hakuinua sauti. "Nimezaa mtoto, yuko ndani ya sanduku hili. Umeniona nikicheka? Hawa wamekifukuza kifo, kimekimbia, kimeichukua. Una gari. Kifuate."

Hata kamati iliyokula chakula chake ikatazama chini. Mwenyekiti akafunga mlango wa gari mwenyewe. Saa moja baadaye alipanda jukwaani akahutubia kwa muda mrefu kuliko mchungaji, akasema alimlea Kaka kama mwanawe. Alipomaliza walimpigia makofi. Mimi pia nilikuwa na mikono, niliiweka mfukoni.

Chama kilimtuma mtu Migori kumtafuta msichana kwenye kibanda cha chapati, lakini alikuwa kwao, upande wa mpaka, akipanda vilima vya kwao asubuhi na jioni. Mwezi ukaisha. Siku ya mbio alitokea mstari wa kuanzia Homa Bay juu ya baiskeli ile ile, hakuibadilisha hata rangi, na nikadhani atakamatwa. Sheria ya mbio haiulizi baiskeli ni ya nani. Firimbi ikapigwa, wakaondoka.

Alimaliza wa pili. Timu moja ilikuja kuchukua namba yake ya simu kabla hajashuka kwenye kiti.

Na aliyemvisha nishani ni nani? Mwenyekiti. Alimvisha, akaitazama baiskeli, na nakuapia aliitambua. Uso wake ulisimama kidogo. Kisha akatabasamu, akaweka mkono wake kwenye usukani, akawageukia wapiga picha.

"Huyu ni tunda la chama chetu," akasema. "Marehemu angefurahi leo."

"Mzee, toa mkono," msichana akasema.

"Picha moja tu, binti."

"Toa mkono. Tunaondoka."

Hakutoa. Bado alikuwa akitabasamu. Msichana akakanyaga pedali, na mwenyekiti akavutwa hatua kadhaa, viatu vyake vyeusi vikiteleza kwenye mchanga, hadi akaachia. Baadhi ya watu walicheka. Mimi sikuweza. Nilipanda nyeusi yangu nikamfuata barabara ya Rongo, mlima wote ule, pembeni kabisa ya lami, magari yakitupita karibu kiasi cha kuusikia upepo wao kwenye kiwiko. Bado hapana ukingo. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba kwa mara ya kwanza sikuhitaji kushuka na kusukuma.