Skola wa Nne

Enzi zetu, ukitaka kumwaga maji ya kijiji kizima, ilitosha kusimama karibu na kisima ukaita, "Skola!" Wasichana tisa waligeuka kwa pamoja na ndoo zao kichwani. Ndoo nyingine ziligeuka nao, nyingine zilibaki zinatazama Stesheni ya Goweko, na maji yakaishia mchangani. Mimi nilikuwa mmoja wa hao tisa.

Wenzangu mliozaliwa miaka ile mnalijua jina la Skolastika. Vijana wa leo wanadhani ni dawa ya kikohozi. Lakini sidhani kama kuna mahali lilistawi kama kijijini kwetu, na sababu yake ni mchwa. Katekista wetu alikuwa na kalenda moja ya watakatifu, akiitunza kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Mchwa wakaingia humo, wakala watakatifu wa mwaka mzima, wakabakiza kipande cha Februari. Mtakatifu wa kike aliyesomeka hapo alikuwa Skolastika, wa kiume Valentino. Katekista hakuwa mtu wa kubuni mambo. Kwa miaka miwili, mpaka ilipoletwa kalenda nyingine, kila binti aliyebatizwa, awe wa masika au wa kiangazi, alikuwa Skolastika. Ndiyo maana mpaka leo ukipita kwetu utakuta wazee watatu wakali, wenye magongo, wote Valentino.

Baba alilalamika, mama akamtuliza: "Karatasi huliwa na mchwa, jina haliliwi."

Siku ya kwanza shuleni, mwalimu alipoita majina alidhani tunamfanyia mzaha. Akatupanga ukutani kwa urefu, akatugawia namba. Mimi nikawa Skola wa Nne. Mmoja akipiga kelele tulichapwa wote tisa, maana mwalimu hakupenda kukosea. Kwenye rede ndiyo ilikuwa balaa. Mpira ukimgusa mmoja, watu wakishangilia "Skola katoka!", tulitoka wote, tukaketi pembeni kutafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, ambavyo mtoto wa leo angevitema pamoja na jino.

Tulipokua, ikaja barua ya posa kutoka Lusu. Ilikuwa ya Skola wa Saba, ila mleta barua aliulizia kwa akina Skola, akaelekezwa kwetu. Baba akapokea, akachinja jogoo, wageni wakala wakashiba. Siku ya kuja kuniona, kijana alinitazama, akainama akamnong'oneza mjomba wake, "Siye."

Baba alisikia. "Jogoo keshaliwa," akasema.

Kijana alikuwa mpole. Tuliishi vizuri mpaka Mungu alipomchukua, na Skola wa Saba ndiye aliyenisimamia harusini.

Sasa, kwetu mjukuu wa kwanza wa kike hupewa jina la bibi yake, na wawili hao huitana somo maisha yao yote. Kati yetu tisa tumebaki watatu, na hakuna aliyepata somo. Mjukuu wa Skola wa Kwanza anaitwa Preshasi. Nilipoambiwa nilimpa pole, nikidhani mtoto ana presha. Basi tumaini lote likabaki kwa binti yangu Neema, anayeishi Tabora mjini. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, jina lisije likazikwa na sisi.

Neema akajifungua binti. Nikafika hospitali na asali yangu ya kumtia nguvu mzazi, hata sijaketi vizuri akanipasulia.

"Mama, Skolastika linanuka bani la kukaushia tumbaku. Halafu ni jina la kundi. Mimi nataka mwanangu akiitwa, ageuke yeye peke yake."

Mtoto akaitwa Skaila.

"Ni lako hilohilo, mama. Tumelipunguza tu."

"Sikukuu ya huyo Mtakatifu Skaila ni lini?"

"Mama, jamani!"

Iliniuma, sifichi. Mchwa walikula kalenda wakaniachia jina, mwanangu akala jina akaniachia herufi mbili za mwanzo. Miaka minne nilimwita mjukuu wangu "mtoto mzuri", ili ulimi wangu usije ukatamka Skaila.

Mwezi uliopita Neema alibanwa na kazi, akaniomba nikamchukue mtoto chekechea. Nikapanda bajaji. Nilipofika getini watoto walikuwa wanatoka, sare moja, mabegi yale yale mgongoni, na macho yangu ndiyo haya. Sikuwa na ujanja. Nikameza kiburi nikaita, "Skaila!"

Watoto watano wakageuka. Chupa ya juisi ikaanguka, ikamwagika yote.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akanijia. "Skaila yupi? Tunao watano, tumewapa namba."

"Marahaba, mwanangu. Wa Neema."

"Aa! Huyo ni Skaila wa Nne."

Nilishika geti nikacheka mpaka dereva wa bajaji akateremka kuja kunitazama. Enzi zetu jina lililetwa na mchwa. Siku hizi linaletwa na simu, kila mama akilichagua kwa siri chumbani kwake lisije likafanana na la mwenzake. Hawa angalau hawabebi ndoo. Lakini sisi tulijuana, tuligawana hata viboko, na pale getini nikawakumbuka wale sita ambao hata nikiita kutwa hawageuki tena. Kicheko kikageuka machozi.

Mtoto akaja mbio. "Bibi, mbona unalia?"

"Silii, somo. Nipe mkono twende."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Akanitazama.

"Somo ni nani?"

"Ni mtu mwenye namba yako," nikamwambia.