Viti Vyenye Nailoni

Mama Mkunga si mtu wa kubembeleza, na siku hiyo alikuwa amefura kwelikweli. Kazi yake ni kufundisha wakunga, na wanafunzi wake, hao waliosimama naye koridoni, kesho yake walikuwa wanaingia wodini. Somo la leo lilikuwa kuzuia damu mama akishajifungua. Daktari bingwa analionyesha akiwa hospitali kuu, vyuo vitatu vinamtazama pamoja kwa video na kumuuliza papo hapo.

Kwa simu walishajaribu. Upuuzi mtupu! Picha inaganda mkono wa daktari ukiwa hewani, "mnanisikia, mnanisikia," mpaka bando linakata roho. Ndiyo maana chuo kikavutiwa mtandao wa kasi, chumba kikawekewa skrini pana na kamera. Na Mkuu wa chuo akafanya nini? Akakifunga! Zulia jipya, viti bado vina nailoni, ufunguo mfukoni mwake. Eti chumba cha wageni. Utadhani sebule ya shangazi yake.

"Mkuu yuko njiani," mlinzi alisema tena.

"Njiani tangu asubuhi! Kwani anakuja kwa magoti?"

Mitambo ilikuwa imejiwasha yenyewe kipindi kilipoanza. Kupitia kioo cha mlango waliiona mikono ya daktari ikifanya kazi juu ya mwanasesere wa mafunzo, picha safi, haigandi hata kidogo, ila sauti hawaipati. Wenzao wa vyuo vingine walikuwa wanauliza maswali. Roho ilimuuma Mama Mkunga hadi machozi yakamlenga.

Mkuu akatokea, tai shingoni, tabasamu tele. Akafungua. "Vueni viatu, wanangu. Na nailoni msiziguse."

Wanafunzi wakainama kufungua kamba. Kwenye skrini daktari alikuwa anavua glavu. "Jamani, mmechelewa. Ndiyo namaliza."

"Si neno," Mkuu alisema. "Watajifunza siku nyingine."

Lo! Hapo mori ukampanda Mama Mkunga.

"Siku nyingine ipi? Kesho wako wodini! Basi zamu ya kesho kaa wewe, Mkuu. Mama akianza kuvuja damu, mwambie asubiri siku nyingine. Tena mvue viatu, asikuchafulie zulia!"

Vyuo vyote vilisikia. Mama Mkunga akaishika nailoni ya kiti cha mbele, akaichana toka juu mpaka chini.

"Kaeni," aliwaambia wanafunzi wake. "Na viatu vyenu."

Kwenye skrini, daktari akachukua glavu nyingine.