Mtu wa Saba Ukutani

Wiki iliyopita nilirudi kwetu, karibu na Kariandusi, nikakuta kaka yangu anabomoa nyumba ya babu apate mahali pa kujenga ya mawe. Ukuta mmoja tu ulikuwa umesimama, ule wa chumbani kwa babu, na ukaniuma moyo hata kuutazama.

Kila Desemba, sisi wasichana tulichota udongo mweupe, tukaukoroga kwenye debe na kupaka nyumba ing'are kabla ya Krismasi. Nakumbuka baridi ya ule uji mikononi na harufu ya chapati kutoka jikoni. Ukuta huo wa chumbani kwa babu aliupaka shosho, bibi yetu, mwenyewe, akizunguka pembeni tu. Katikati palikuwa na meli iliyochorwa kwa makaa.

Babu, ambaye hakuwahi kujua kusoma, zamani alikuwa akitia makaa tanurini katika meli ya mizigo. Ilipeleka pamba na katani Bombei, hadi vita vilipokuja ikaanza kubeba unga na risasi. Siku moja, saa sita mchana, alipanda juu kuwachotea wenzake maji. Hapo ndipo nyambizi ya adui ilipoipiga kombora. Wenzake saba wakabaki kule chini na meli yao.

Chini ya mchoro alimwekea kila mmoja alama yake: kiko, gitaa, kitana, na nyingine. Jioni, tukimenya viazi vya kuchoma, aligusa alama moja moja akitaja jina na kwao. Mimi nilikuwa nangoja tu afike kwenye mlipuko. Ujinga wa utoto, rafiki yangu, na bado unanitia aibu.

Nilipokuwa na miaka kumi, shosho aliumwa mguu. Nikataka sifa, nikapaka nyumba nzima peke yangu, ndani na nje, mara mbili.

"Guka, umeona vile nyumba imekuwa safi?" nilimuuliza babu alipotoka shambani.

Aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa bado mbichi.

"Ni wewe umepaka?"

"Ni mimi."

"Kazi mzuri, mama," akasema, akatoka nje.

Baada ya sikukuu alichukua kaa, akaichora meli upya na alama sita. Kwenye ya saba mkono ukasimama. Siku nyingi nilimkuta hapo na kaa lake. Mwishowe akaniita.

"Si nilikuwa nakuambia kila siku? Huyu mwingine alikuwa nani?"

Sikujua. Babu alikufa pale pakiwa patupu.

Sasa hata wa kuulizwa hayupo. Wiki iliyopita nilipiga magoti, nikaanza kukwangua lile pengo kwa kucha. Weupe ulibanduka, na weusi wa zamani ukabanduka nao, ukaishia vidoleni mwangu.

"Unatafuta nini hapo? Si tukunywe chai," kaka akaniambia.

Nikamwambia kuna mtu wa Guka nilimpoteza hapo.